Babu alisema rubani alimpakata mwenzake kwenye ndege ya kiti kimoja. Inawezekana?

Mjukuu wa Dereva

Hamjambo nyote. Babu yangu mzaa mama aliendesha lori la jeshi wakati wa vita vya Hitler: Nairobi, Garissa, kisha Kismayu hadi Mogadishu. Alifariki nikiwa bado shule ya msingi, na mengi aliyoyaona akaenda nayo. Kisa kimoja kilibaki kwa sababu alikirudia kila Krismasi. Rubani wa Makaburu aliangushwa kule Uhabeshi, mwenzake akatua mbele ya Mataliano, akampakata, wakaruka wawili ndani ya ndege ya kiti kimoja. Babu hakuwepo, alikisikia kambini kwa madereva wenzake.

Mjomba anasema hizo ni porojo za askari. Mimi nimelelewa Eastleigh, ndege za jeshi zikipita juu ya paa letu, na sioni watu wazima wawili wangekaaje humo. Kuna anayemjua huyo rubani? Alikuwa nani, na aliishia wapi?

Kiti cha Mbele

Inategemea kitambi. Mjomba wako hangetoshea hata peke yake.

Spana ya Wilson

Binti, babu yako hakukudanganya. Nimekuwa fundi wa ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi nilipostaafu, na kisa hiki tulikikuta kwa mafundi waliotutangulia.

Aliyeangushwa ni John Frost, wenzake wakimwita Jack, kapteni wa skwodroni ya 3 ya jeshi la anga la Afrika Kusini. Aliyemwokoa ni luteni Bob Kershaw. Tarehe ni 15 Machi 1941 na mahali ni Diredawa, mji wa reli ya Djibouti kwenda Addis Ababa. Frost alikuwa amekwenda kushambulia uwanja wa ndege wa Mataliano, akapigwa risasi kutoka chini, akatua kwenye kiwanja kidogo cha pembeni. Kershaw alimwona. Akashuka pale pale, adui wakiwa karibu, akamchukua.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, maana hapo ndipo watu hubisha. Walikuwa wakirusha Hurricane, ndege ya kivita ya Kiingereza. Kiti chake ni kimoja kweli, na rubani hukalia parachuti yake kama mto. Ukiwaweka wawili, wa juu ndiye anayeona mbele na ndiye mwenye nafasi ya kushika usukani, huku mikono ya wa chini imebanwa ubavuni. Lakini kwenye Hurricane wenzo wa magurudumu na flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyosaidia kuruka na kutua) uko upande wa kulia, karibu na kiti. Rubani akiwa peke yake huo ni usumbufu: akishaondoka ardhini lazima ahamishie usukani mkono wa kushoto ili mkono wa kulia ukaupandishe ule wenzo, na kila kijana mgeni wa Hurricane ndege humyumbia hapo. Kwa wawili, kasoro ile iligeuka neema. Frost aliyepakatwa alishika usukani na kukanyaga pedali, Kershaw aliyekuwa chini akashughulikia flapu na magurudumu. Mmoja aliendesha bila kugusa magurudumu, mwingine aliyapandisha bila kuona anakokwenda. Hebu mwite dereva wa matatu na kondakta wake, uwakalishe kiti kimoja, mmoja ashike usukani mwingine abadilishe gia, uone kama watatoka hata Muthurwa.

Jingine lililowasaidia: magurudumu ya Hurricane yameachana sana na hukunjwa kuelekea ndani, kwa hiyo haipinduki ovyo kwenye ardhi mbaya. Wangekuwa na Spitfire, ndege nyingine ya kivita ya Kiingereza, ambayo magurudumu yake yamekaribiana, nisingependa kuwa mmoja wao.

Kershaw alitunukiwa DSO, nishani kubwa ya Kiingereza ya maofisa, kwa siku ile. Mimi kila nikisoma habari za Frost naona ndiye anayepewa kurasa zote, kwa sababu ya idadi ya ndege alizoangusha. Kershaw anapewa sentensi mbili. Sikubaliani nao hata kidogo.

Mjukuu wa Dereva

Mzee wangu, shikamoo, na asante! Nimekisoma kwa sauti hapa nyumbani. Hizo ndege alizoangusha Frost zilikuwa wapi? Na aliishia wapi?

Spana ya Wilson

Marahaba binti.

Alizaliwa Queenstown, Afrika Kusini, mwaka 1918. Huku kwetu alikuja vita vilipokuwa vya mpakani: Italia iliingia vitani 10 Juni 1940, mwezi uliofuata ikatwaa Moyale. Uwanja mkubwa wa Nairobi siku hizo ulikuwa huo huo wa mtaani kwenu, Eastleigh, ambao leo ni kambi ya jeshi la anga. Embakasi ilifunguliwa 1958.

Siku yake kubwa ilikuwa 3 Februari 1941, upande wa Jubaland. Aliangusha ndege nne siku moja: Caproni tatu na Fiat CR.42 moja, zote za Mataliano. Nisiipambe, Caproni 133 ilikuwa ndege ya mabomu nzito ya injini tatu, mbio haina, na mbele ya bunduki nane za Hurricane haikuwa na la kufanya. CR.42 ndiyo kazi. Ina mabawa mawili juu na chini na hugeuka mahali padogo mno, ukikubali kuzunguka nayo unajikuta mbele ya bunduki zake. Rubani mwenye akili alishuka kutoka juu, akapiga, akapaa tena kwa mbio zake bila kukaa kuzungushana.

Kismayu ilianguka 14 Februari, Mogadishu 25 Februari, Addis Ababa 6 Aprili. Baadaye Frost akapelekwa jangwani Afrika Kaskazini, akapewa kuongoza skwodroni ya 5 yenye ndege za kivita za Tomahawk. Huko hakukutana tena na Caproni, alikutana na Messerschmitt za Wajerumani. Tarehe 16 Juni 1942 aliingia kwenye mapigano ya angani Libya, asionekane tena. Ndege haikupatikana, mwili haukupatikana. Alibakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 24. Jina lake limechongwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa El Alamein, Misri, pamoja na wengine wasio na kaburi.

Mtu wa Kaloleni

Visa vitamu, lakini tusisahau. Jeshi la hao Makaburu halikumruhusu mtu mweusi kushika bunduki, sembuse usukani wa ndege. Babu zetu wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, walitembea kwa miguu kutoka Garissa. Nani anahesabu walichofanya? Sisi tunashangilia waliopakatana.

Spana ya Wilson

Kaloleni, hilo ni kweli na sitalipunguza makali. Kwao mweusi alikuwa dereva, mpishi, mbeba machela. Na hapa Kenya hakuna Mwafrika aliyepewa Hurricane airushe, alipewa aipanguse tu.

Ila hesabu unayoidai naweza kuianza. Hurricane ilibeba petroli galoni karibu 95. Petroli ya jeshi wakati ule ilisafirishwa kwa madebe, yale yale tuliyokuja kupimia mahindi, galoni nne kwa debe. Kujaza ndege moja mara moja ni madebe ishirini na kitu, na kila moja lilishushwa na kumiminwa kwa mkono. Madebe yenyewe yalikuwa ya bati jembamba, barabara ya Garissa ukiijua, mengi yalifika yamevuja. Skwodroni nzima ikiruka asubuhi na alasiri, hesabu mwenyewe malori. Bila mtu kama babu wa binti huyu, Frost angekaa chini ya mbawa za ndege yake anacheza karata.

Binti, kuna mtu nyumbani anayekumbuka babu alibeba nini?

Mjukuu wa Dereva

Mama anasema alikuwa haruhusiwi kuvuta sigara njiani, wala kuwasha moto wa chai karibu na lori. Alilalamikia chai baridi hadi uzeeni. Kumbe ni petroli!

Kiti cha Mbele

Mwambie mjomba alipe soda. Na mimi nipo soko la Burma, nafika upesi.

Spana ya Wilson

Mkienda makaburi ya vita ya Ngong Road mtawaona baadhi ya hao wa Afrika Kusini. Mawe yao yana kichwa cha swala. Frost hayupo, kwa hiyo msipoteze muda kumtafuta. Na soda yangu iwe ya tangawizi.