Yule Mzungu wa tarbushi nyekundu: kweli alifia jukwaani?

Kichuguu:
Wakuu, nimekutana na klipu za Mzungu mmoja mrefu, tarbushi nyekundu kichwani, anafanya mazingaombwe na kila mara yanamharibikia. Kwenye maoni wanasema alifia jukwaani huku watu wanacheka. Ni kweli au chumvi za mtandaoni? Na kama mazingaombwe hayawezi, umaarufu kaupataje?

FundiKarata:
Ni kweli, mkuu. Huyo ni Tommy Cooper, mzaliwa wa Caerphilly, Wales, 1921. Tarehe 15 Aprili 1984 alikuwa ukumbi wa Her Majesty's, London, kipindi kinarushwa moja kwa moja. Msaidizi kamvalisha joho, mara mzee akateleza taratibu mpaka chini, mgongo kwenye pazia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nani angedhani ni moyo, kwa mtu ambaye kazi yake ni kuharibikiwa? Wakaingiza matangazo, kisha wasanii wenzake wakaambiwa waendelee mbele ya pazia, yeye akihangaikiwa nyuma yake. Alikuwa na miaka 63.

Ila hapo kwenye "hayawezi" nakukatalia. Mimi nafanya mazingaombwe ya karata na vikombe maharusini hapa Tanga, najua ninachosema. Kuharibu kiini macho hadi watu wavunjike mbavu ni kugumu kuliko kukifanya kikubali, maana lazima uchague sekunde ya kukiharibu. Cooper alikuwa mwanachama wa Magic Circle, chama cha wanamazingaombwe cha London, na pale hawakupokei kwa sababu unachekesha. Tafuta ile ya chupa na bilauri. Anababaika, anataja vitu kinyumenyume, na chupa zinazidi kuongezeka mezani. Unacheka unasahau kujiuliza zimetoka wapi.

Bi_Mkeka:
Na tarbushi je? Alikuwa Mwislamu?

FundiKarata:
Hapana dada. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa askari wa farasi, akapelekwa Misri. Akawa anawachekesha wanajeshi wenzake Cairo. Inasimuliwa kwamba siku moja alisahau kofia yake ya jukwaani, akamvua mhudumu aliyekuwa anapita tarbushi yake. Watu wakacheka, naye hakuiacha tena. Mkewe, Gwen, alimuoa Cyprus 1947, kisha wakarudi Uingereza kuanza kusota kwenye kumbi ndogo za London. Televisheni ndiyo iliyomtoa. Pombe ilimla sana miaka ya mwisho, nalo hilo tusilifiche.

Kichuguu:
Kumbe! Lakini kuiweka mtandaoni ile klipu ya kifo, naona si utu.

FundiKarata:
Mimi siiangalii. Kwao Caerphilly wamemjengea sanamu yenye tarbushi kichwani, aliizindua mwigizaji Anthony Hopkins mwaka 2008. Hiyo ndiyo picha ya kumkumbukia.

Kichuguu:
Nimeshaiangalia ya chupa mara tatu, nimeshindwa. Zinatoka wapi?

FundiKarata:
Mkuu, Jumamosi nina harusi Chumbageni na chupa zangu ziko tayari. Unataka nilale njaa?