Kugawanya kwa 12 kwenye mchezo wa stempu: watoto wanakwama wapi?

Swali, kutoka kwa Mwalimu_6hadi9

Habari za kazi, walimu wenzangu. Darasa ni la Montessori, mchanganyiko wa miaka 6 hadi 9. Wakubwa wanagawanya vizuri kwa stempu (vipande vidogo vya mraba vilivyoandikwa 1, 10, 100 au 1,000) pale kigawanyo kinapokuwa cha tarakimu moja. 848 ÷ 4 haiwasumbui. Nikiwapa 3,276 ÷ 12, wengine wanapanga kete kumi na mbili, kila moja ikiwa mtu wa kugawiwa, na kuanza kugawa kipande kimojakimoja, wengine wanaleta jibu 2,730. Naomba hatua zenyewe kwa mfano huohuo. Pia nataka kutengeneza seti nyingine kwa manila: vipande vingapi vinatosha? Halafu wazazi wanauliza ni lini watoto wataanza kuonyesha njia daftarini.

Jibu, kutoka kwa KeteTatu

Hilo 2,730 linakuonyesha kosa lilipo: mtoto amesoma mgawo wa kete ya bluu. Kete ya kijani ni mtu mmoja, ya bluu inasimama badala ya watu kumi, kwa hiyo hupokea mara kumi ya anachopata mmoja. Kwa 12 unahitaji kete 3 tu: bluu 1 na kijani 2.

Kabla ya stempu, lifanyeni kwa shanga za dhahabu (shanga zilizopangwa kwa moja, kumi, mia na elfu) na watoto wenyewe. Mmoja avae utepe wa bluu, awe kiongozi wa kumi. Wawili wavae wa kijani. Wa kijani akipewa mia, kiongozi anapewa elfu, maana ana watu kumi wa kuwagawia. Akiliona hilo kwa macho, stempu hazimpi tabu.

Sasa mezani zipo elfu 3, mamia 2, makumi 7, mamoja 6. Bluu ipewe 1,000, kila kijani 100. Zinabaki elfu 2 na mamia hakuna, kwa hiyo mzunguko wa pili hauanzi mpaka avunje elfu moja kuwa mamia 10. Akishavunja anagawa tena vilevile: bluu 1,000, kijani 100 kila moja. Elfu zimekwisha, mamia yamebaki 8. Hapo anashuka ngazi: bluu inapokea mia, kijani kumi. Mizunguko 3 inapita salama, kisha anajikuta na mamia 5 na kumi moja tu, wakati kijani mbili zinadai makumi 2. Anavunja mia moja, anapata mamia 4 na makumi 11, anagawa mizunguko 4 mingine. Yamebaki makumi 3 na mamoja 6. Anashuka tena, bluu kumi na kijani moja, mizunguko 3, meza nyeupe. Jibu ni alichopata mmoja, yaani kete moja ya kijani: 273.

Mambo mawili huharibu kazi hii. La kwanza ni kuvunja katikati ya mzunguko. Bluu imeshapewa, ndipo mtoto anagundua kijani hazina chao; akienda kuchenji anarudi hakumbuki nani kapata. Azoee kuuliza kabla ya kila mzunguko: vya kutosha wote vipo? La pili ni kurundika vipande chini ya kete. Kila mzunguko uwe mstari wake, na aache nafasi kila anaposhuka ngazi. Akimaliza, mistari ni 2, kisha 7, kisha 3, na kosa atalikuta mwenyewe.

Jibu, kutoka kwa ManilaNaMkasi

Kuhusu seti: mamoja 30, makumi 30, mamia 30, elfu 10. Kwenye kutoa, baada ya kuvunja, ngazi moja haizidi vipande 19, na kujumlisha namba tatu hakuzidi 29, kwa hiyo 30 zinatosha kwa hizo na kwa mifano ya kugawanya iliyo hapa; kugawanya kunakovunja mara nyingi kunaweza kudai zaidi.

Kipande cha sentimita 2.5 kwa 2.5. Ukurasa wa A4 unatoa 88 (8 kwa 11), hivyo kurasa tatu za manila, kijani (mamoja na elfu), bluu (makumi) na nyekundu (mamia), zinatoa seti mbili. Chora miraba, andika namba zote, ndipo ukate kwa rula ya chuma na wembe. Ukikata kwanza, namba zitakaa ovyo. Ukiona manila ni nyepesi, igandishe kwenye boksi la biskuti. Boksi la mawimbi hupinda kingo.

Tafadhali usiipe elfu rangi ya njano wala nyingine yoyote. Elfu ni kijani kwa makusudi: mamoja, makumi, mamia, kisha familia inaanza upya na mamoja ya elfu. Ukibadilisha, mtoto atapotea akifika kwenye mamilioni.

Kete ni visoda vilivyopakwa rangi, 9 kwa kila rangi. Gonga kingo kwa nyundo kwanza, zinakata vidole.

Mwalimu_6hadi9

Asanteni sana. Na kigawanyo chenye sifuri katikati, mfano 3,264 ÷ 102?

Jibu, kutoka kwa KeteTatu

Kete nyekundu 1 (watu mia), kijani 2, na kati yake weka kisoda kisichopakwa rangi kushika nafasi ya makumi. Nyekundu ikipata 1,000, kile cheupe kingepata mia lakini hakina mtu, kijani zinapata 10. Mizunguko 3. Kisha nyekundu 100, kijani 1, mizunguko 2. Jibu 32. Bila kisoda cheupe, mtoto akitoka elfu huwapa kijani mia.

Jibu, kutoka kwa ShangaNaDaftari

Kwenye stempu aandike swali na jibu tu. Njia ndefu huandikwa akihamia kwenye shanga za kugawanyia (vichupa 10 vya shanga 10 kwa kila ngazi), kwa hatua tatu: kwanza jibu pekee; baadaye anaandika na kinachobaki kila anaposhuka ngazi; mwisho anaandika pia kiasi alichogawa na kukitoa. Hiyo ya tatu ndiyo njia ileile ya daftari la shule nyingine. Ukimrukisha ya pili, ataandika namba za kutoa bila kujua zimetoka wapi. Wazazi waalikwe waone hatua ya tatu ikifanyika mkekani, daftari likiwa pembeni. Na fundisha watoto wawili au watatu kwa wakati mmoja. Darasa zima halioni mikono yako.