Naombeni ushauri: kampuni changa isimame, mtu anatakiwa awe na akili gani na ujuzi gani?

MtoaMada: Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa kuandika programu, tuko wawili na mshikaji wangu tunatengeneza mfumo wa kupanga miadi kwa wenye saluni. Kila tukitaka kuutoa tunaona bado, mara rangi mara kitufe cha kujiunga, na kila tukimuonyesha mtu anasema "wazo zuri sana" halafu harudi. Nikiingia mitandaoni naambiwa amka alfajiri, jiamini. Kujiamini ninako, wateja ndo sina. Waliopita njia hii kinachotakiwa hasa ni nini?

kobe_mpole: Mkuu hiyo "wazo zuri" ni adabu tu, nani akuvunje moyo usoni? Jifunze kuuliza maswali yasiyompa mtu nafasi ya kukusifia. Usimuulize "ungetumia?", muulize mara ya mwisho mteja kaweka miadi akaingia mitini ulifanyaje, ulipoteza nini, ushawahi kulipia chochote kuzuia hilo? Akisema "aah naandika kwenye daftari inatosha" ndo jibu hilo, limeze. Zappos, lile duka la viatu la mtandaoni, ilivyoanza 1999 mwanzilishi wake Nick Swinmurn hakujaza ghala, alipita madukani akapiga picha viatu vya watu akaviweka mtandaoni, mtu akiagiza ndo anaenda kukinunua anamtumia. Faida hapo hamna ila alishajua watu watanunua kiatu bila kukijaribu. Nyie chukueni saluni tatu mpange miadi yao kwa meseji, kwa mkono kabisa.

Zuhura_H: Nakazia. Na hesabu jamani!! Chukua akiba gawa kwa matumizi ya mwezi, hiyo ndo miezi mliyobakiza, watu wanajua wangapi wamepakua programu ila hii hawaijui. Halafu wewe na mshikaji mmeandikishana hisa? Utaratibu uliozoeleka kila mmoja anazipata kidogo kidogo ndani ya miaka 4, akiondoka kabla ya mwaka hachukui kitu. Fanyeni sasa hivi mkiwa bado mnacheka pamoja.

mbishi_asilia: Msimtishe bwana, kung'ang'ania nako ni ujuzi, ukiacha kila ukikataliwa hutafika popote.

kobe_mpole: Ang'ang'anie nini sasa kaka? Instagram ilitokana na programu inaitwa Burbn, ilikuwa na mambo kibao, waanzilishi wakaona watu wanachojali ni picha, wakafyeka karibu vyote vingine wakatoka upya 2010. Hawakuacha ila hawakuoa walichokijenga pia.

mbishi_asilia: Haya hapo sawa.

MtoaMada: Nimewaelewa, hisa kweli hatujaandikishana. Ila nani aende kuuza? Wote ni watu wa kompyuta, hata kupiga simu tunasukumiana. Tuajiri mtu wa mauzo?

Zuhura_H: Hapana mdogo wangu, bado. Yule atawaletea "wamekataa", nyie mnahitaji kusikia wamekataa kwa maneno gani, wameguna wapi. Nendeni wote, mmoja aongee mwingine aandike.

MtoaMada: Na bei dada? Tulitaka iwe bure kwanza.

Zuhura_H: Bure utapata watumiaji wasiokuambia ukweli. Taja bei unayoona aibu kidogo kuitamka, kisha nyamaza. Akikubali hata hajapumua, saluni inayofuata pandisha.