Mshauri nasaha wa "kusikiliza tu" Mtwara, au wa mazoezi kwa simu toka Dar: nichukue yupi?

Mwalimu Bila Chaki
Wakuu, salaam. Nina uamuzi wa kufanya kabla ya Ijumaa. Nimepata washauri nasaha wawili. Wa kwanza yupo Mtwara mjini, mama mtu mzima, elfu thelathini kwa kikao, ila anataka vikao sita vilipwe kwa mkupuo. Nilipompigia akaniambia wazi kuwa yeye hampangii mtu la kufanya, anamsikiliza mpaka ajielewe mwenyewe. Anaita njia ya kiutu. Wa pili ni kijana yupo Dar, kwa simu ya video, elfu ishirini na tano, anakupa mazoezi ya kuandika na wiki inayofuata anayakagua. Wazee wa nyumbani nao wapo, bure. Mliopita huko, nichukue yupi?

Kangomba Mstaafu
Mleta mada, umeuliza bei ya dawa ugonjwa umeuficha. Una umri gani? Uko wapi? Kimekukuta nini? Halafu hiyo laki na themanini kabla hujaonja hata kikao kimoja ni kangomba kabisa. Mtu ananunua korosho zingali ua, na korosho yenyewe ni wewe.

Nesi wa Zamu
Kaka, kabla hujachagua naomba majibu matatu. Unalala? Unakula? Umewahi kuwaza kujidhuru? Kama hilo la tatu ni ndiyo, waache wote wawili kwa sasa, nenda Ligula au hospitali yoyote iliyo karibu nawe leo hii, umweleze daktari hivyo hivyo bila kupunguza.

Mwalimu Bila Chaki
Samahani, niliandika haraka. Nina miaka 41, nipo Masasi. Nesi, nalala na nakula, la tatu halipo, asante kwa kuuliza.
Baba alifariki mwaka jana. Ameacha mikorosho na mimi ndiye mkubwa, kila ndugu anasubiri nitasema nini. Sasa juzi mke wangu akaniuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini?" Nilikaa kimya mpaka chai ikapoa. Ualimu alinichagulia baba. Kituo cha kazi walinipangia. Hata timu ya mpira nimeirithi. Sina ugonjwa, ila lile swali sikuweza kulijibu na bado siwezi.

Kangomba Mstaafu
Hapo ni suala la shamba. Mikorosho mingapi? Na wosia upo?

Saikolojia Nusu
Mkuu, amekwambia swali lililomshinda, wewe unahesabu miti!
Mwalimu, nilisoma saikolojia miaka miwili kabla ada haijanishinda, kwa hiyo nipokeeni kwa uzito huo huo wa nusu. Huyo mama wa Mtwara anafuata njia ya Carl Rogers, Mmarekani aliyezaliwa 1902 na kufariki 1987. Ujanani alifanya kazi na watoto watukutu mji wa Rochester. Kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto msumbufu. Rogers akawa anajitahidi kumwonyesha kuwa chanzo ni yeye mama, kikao baada ya kikao, hakuna kitu. Wakakubaliana waache. Mama amefika mlangoni akageuka, akauliza kama watu wazima nao wanahudumiwa hapo. Akakaa, akaanza kumwaga ya ndoa yake, mambo tofauti kabisa na yale yaliyoandikwa kwenye faili. Rogers alisema hapo ndipo alipoanza kuelewa kwamba anayejua panapouma ni mwenye maumivu.
Mwaka 1957 akaandika masharti yake. Yanayotajwa zaidi ni matatu: mshauri amwelewe mtu kutokea ndani ya viatu vyake, amkubali bila kumwekea masharti, na yeye mwenyewe awe mkweli, asijifanye. Ni rahisi kuyakariri, kuyaishi saa nzima mbele ya mtu anayelia ni shughuli nyingine. Kwa swali lako, mimi ningekwenda kwa mama.

Mama Wawili Lindi
Hayo masharti mazuri, lakini ngojeni niwaambie. Mimi nilikwenda kwa mmoja wa hao wasikilizaji, mji sitautaja. Chumba chake kimetenganishwa na duka kwa plaiwudi, nasikia kabisa mtu anaulizia bei ya betri ya sola. Nikisema "nimechoka na nyumba ile," naye, "Kwa hiyo umechoka na nyumba ile." Nikisema "shemeji ananidharau," naye, "Shemeji anakudharau." Kasuku! Simu yake ikaita mara mbili, ya pili akapokea, akapanga habari za tofali. Kikao cha tatu akaanza kunisimulia talaka yake, nikatoka mimi ndiye niliyembembeleza, na hela nikalipa.
Hayo yote ningesamehe. Miezi miwili baadaye tupo harusini, nimeshika sahani ya pilau, akanijia mbele ya wifi zangu: "Dada, lile la shemeji limefikia wapi?" Pilau sikuila. Tangu siku hiyo siri zangu naziambia bahari.

Saikolojia Nusu
Pole sana dada. Huyo hata sharti moja hakuwa nalo. Kurudia maneno si kusikiliza.

Mama Wawili Lindi
Ndivyo mnavyosema wote, "huyo hakuwa wa kweli." Mtu atamjuaje kabla hajalipa?

Baharia wa Mikindani
Mimi nipo upande wa kijana wa Dar. Tulizama, tukaokolewa, baada ya hapo hata maji ya beseni yananitetemesha. Nikapata mtu wa mazoezi. Kwanza kukaa ufukweni dakika kumi. Kisha kusimama maji ya goti. Kisha kukaa kwenye ngalawa iliyofungwa. Kila siku naandika nilichoogopa na kilichotokea kweli. Njia ya kufanyia kazi mawazo namna hiyo ilishika kasi kwa Aaron Beck, daktari wa akili wa Marekani, miaka ya 1960. Leo navua. Angenisikiliza tu ningekuwa bado nchi kavu, najielewa vizuri mno.

Nesi wa Zamu
Baharia, ulikuwa na hofu yenye jina. Mwalimu hana hofu, ana swali.

Bi Mkubwa wa Newala
Wajukuu, mnakwenda mbali. Sisi tuna jando na unyago, kungwi na somo. Mtu akikwama anarudi kwa somo wake, na somo hadai laki na themanini.

Saikolojia Nusu
Shikamoo bibi. Kwa heshima, kungwi anakufunda uweje. Mwalimu amefundwa miaka 41, ndiyo maana kakwama.

Bi Mkubwa wa Newala
Marahaba. Somo mwema husikiliza kwanza, mjukuu wangu. Wewe ulifundwa na nani?

Baharia wa Mikindani
😂😂 Bibi kamaliza. Zimbabwe si wanao mabibi wa namna hiyo? Wanakaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati.

Nesi wa Zamu
Wapo, tangu 2006, walianzishwa na daktari Dixon Chibanda. Ila wamefunzwa kumsaidia mtu achague tatizo moja na alipangie hatua. Ni karibu na mazoezi ya Baharia kuliko kusikiliza kwa Rogers.

Kangomba Mstaafu
Mimi bado sijajibiwa. Mikorosho mingapi?

Mwalimu Bila Chaki
Mia moja na arobaini, mkuu, na wosia haupo.
Nimempigia yule mama leo. Nikamwomba nilipe kikao kimoja kwanza, nikamuuliza chumba kina ukuta wa nini, na tukikutana harusini itakuwaje. Akacheka. Akasema ukuta ni wa tofali, na harusini hatanisalimia mpaka nimsalimie mimi. La kikao kimoja akasema atafikiria. Kijana wa Dar bado sijamfuta kwenye simu.

Mama Wawili Lindi
Hilo la kutosalimia limenigusa. Nitumie namba yake inboksi.

Kangomba Mstaafu
Mia na arobaini bila wosia, na salfa, ile dawa ya mikorosho, mwaka huu nani kapuliza?