Mamkubwa wangu ni kizuka, mjane aliye edani, si muuaji! Acheni uzushi wa "sumu ni silaha ya mwanamke"

Assalaam alaykum. Uzi huu naufungua na hasira zangu zote.

Bamkubwa kafariki huku kwetu Pemba, mtu wa presha miaka na miaka. Usiku tulikula pamoja wali na mchuzi wa changu, akalala, hakuamka. Hitma haijasomwa, barazani washaanza: "Kapewa kitu yule." Kapewa na nani? Na mkewe, mamkubwa wangu, aliyempikia miaka 34! Na yuko mmoja, msomi wa watu, anawatolea vijana darsa kwamba tangu Ulaya ya zamani wauaji wa sumu ni wanawake.

Haya, tuisome yote basi. Marquise de Brinvilliers, mwanamke wa Kifaransa, alikatwa kichwa Paris 1676 kwa kumuua babake na kaka zake wawili. Sikatai. Lakini sumu aliipata kwa hawara yake, mwanamme. Mary Ann Cotton alinyongwa Durham, Uingereza, 1873, kwa kuua kwa sumu ya arseniki. Sikatai pia. Mbona humtaji William Palmer, daktari, aliyenyongwa 1856 kwa kuua kwa sumu? Thomas Neill Cream, daktari tena, aliyewapa wanawake wa London sumu ya strikinini? Harold Shipman, daktari wa tatu, ambaye uchunguzi rasmi wa Uingereza ulihesabu wagonjwa 215 aliowaua, wengi wao bibi vizee? Hao kila mmoja kabeba dhambi yake peke yake. Akiua mwanamke mmoja, tunaandikiwa sote.

Na hapa kwetu je? Sultani wa Zanzibar, Sayyid Hamad bin Thuwaini, alipokufa ghafla tarehe 25 Agosti 1896, aliyeshukiwa kumpa sumu ni Khalid bin Barghash, kwa ajili ya kiti. Siku mbili tu baada ya hapo, tarehe 27, mizinga ya Waingereza ikaipiga kasri kumtoa Khalid kwenye kiti. Hili tumesomeshwa skuli, lakini barazani halitajwi.

Kinachonichoma roho ni Florence Maybrick wa Liverpool. Mwaka 1889 mumewe kafa, watu wakakumbuka kuwa aliroweka karatasi za kuulia nzi, zenye arseniki. Mwenyewe alisema ni dawa ya uso. Mume huyo alikuwa na mazoea ya kumeza arseniki kama dawa ya nguvu! Hawakusikia. Jaji alimwandama kwa kuwa na hawara, akahukumiwa kunyongwa. Hukumu ilibadilishwa, akatoka jela 1904. Miaka 15. Ndiyo maana nasema dhana si mchezo.

Tena chakula kinaweza kuua pasi na mkono wa mtu. Kisiwa Panza, Machi 2024, watu 9 walikufa kwa nyama ya kasa, 8 wao watoto. Sumu ilikuwemo ndani ya nyama yenyewe, na moto hauiondoi. Tuwakamate waliopika?

James Marsh, mkemia wa Kiingereza, alipata njia ya kuipima arseniki tangu 1836. Sumu ina kipimo, jamani! Mkemia Mkuu wa Serikali tunaye. Bamkubwa alipolazwa pale kitandani, nani alitamka neno uchunguzi? Hakuna. Mlimwosha, mkamswalia, mkalibeba jeneza, kisha mkaenda kukaa barazani kumuua mkewe kwa ulimi.

Mamkubwa yumo edani, hatoki kwenda kujibu. Juzi kapeleka sahani ya vitumbua kwa jirani, kama alivyozoea. Sahani ikarudi vile vile, kawa halijafunuliwa. Kaiweka chini akalia mpaka magharibi. Mie nilikuwepo.

Mwenye ushahidi aende polisi leo, mimi mwenyewe nitamlipia nauli ya gari. Asiye nao aje mlangoni, ukumbini, amtake radhi mbele ya wanawe. Eda imebaki siku 40.