Vitamini D imetoka 14 na tunajiandaa kwa IVF, tusubiri au tuanze?

BintiArua
Habari zenu jamani, naombeni mawazo. Mimi nina miaka 37, mirija yangu yote miwili imeziba, sasa tumekusanya hela, ndugu nao wamechanga, tunataka kuanza IVF, ile ya kutungisha mimba maabara, hapa Kampala. Kliniki wamenipima kila kitu, homoni, thairoidi, HIV, homa ya ini, sikoseli, vyote sawa ila vitamini D eti 14. Daktari kaniandikia vidonge vya uniti 50,000 mara moja kwa wiki, akasema tutaongea nikirudi, na foleni ilivyokuwa sikupata hata kuuliza. Ninachoshangaa, jua si ndio mali yetu Uganda? Ikweta yenyewe iko pale Kayabwe watu wanapiga picha. Mama mkwe keshasema hizo ni njia za kliniki kula hela. Lakini pia mimi nauza simu na makava kwenye akedi (jengo la maduka) moja mjini, duka liko chini kabisa, naingia asubuhi natoka giza limeshaingia, na buibui juu. Je hii ndiyo imenizuia kushika mimba? Tuahirishe? Na shemeji anasema kuna sindano moja tu inamaliza kazi, ni kweli?

Nesi_Tororo
Pole mwanangu. Kabla ya yote chukua ile karatasi ya maabara uangalie maandishi madogo pembeni ya hiyo 14. Maabara nyingine wanaandika ng/ml, nyingine nmol/l, na ng/ml 1 ni sawa na nmol/l 2.5. Kama ni 14 ya ng/ml uko chini, maana wengi wanataka ifike angalau 20, wengine wanasema 30, lakini ni kitu cha kurekebisha tu. Kama ni 14 ya nmol/l basi kwa kile kipimo kingine haifiki hata 6, huo ni upungufu mkali, na daktari atataka kuangalia kalsiamu na mifupa pia. Nimeona watu wanalinganisha majibu na jirani kumbe kila mmoja ana kipimo chake.

Jua lipo ndio, ila ngozi ndiyo inayotengeneza na lazima lenyewe liiguse. Ile miale inayotakiwa haipiti kwenye kioo, hata ukae dirishani kwenye taksi kutoka Arua mpaka Kampala uungue mkono, vitamini D hupati. Na ngozi nyeusi inataka muda mrefu zaidi kuliko ya mzungu. Kwa hiyo mama mkwe umwambie taratibu kwamba wewe jua huwa unalisikia tu.

Kuhusu mimba, mirija iliyoziba ndiyo sababu yako. Vitamini D haikuiziba na haitaizibua.

Umm_Bombo
Dada mimi nilikuwa chini kuliko wewe. Nilikuwa nameza kidonge asubuhi na chai ya rangi tupu, mfamasia ndo akaniambia hii vitamini inataka mafuta, imeze na chakula cha kueleweka, nikahamishia mchana nikila matoke na mchuzi wa karanga. Nikaanza pia kukaa uani nikianika nguo, mikono wazi mpaka kwenye viwiko, kwetu kuna ukuta hakuna anayeniona. Nilivyopima tena ilikuwa imepanda vizuri kabisa. Lakini nisikudanganye, IVF ya kwanza haikushika hata hivyo. Wasikuuzie kwamba ukimeza hii basi mtoto yuko njiani.

Mfamasia_Jinja
Umm_Bombo kasema kweli. Tafiti nyingi zimeona wanawake wenye vitamini D ya kutosha wanafanikiwa zaidi kwenye IVF, ila kuona vitu viwili vinatembea pamoja si kusema kimoja kimeleta kingine. Italia walijaribu kuwapa wanawake dozi moja kubwa ya uniti 600,000 kabla ya IVF, waliopewa hawakushika mimba zaidi ya wasiopewa. Kwa hiyo ile "sindano moja" ya shemeji achana nayo. Unatibu upungufu kwa sababu mifupa yako inahitaji, na mtoto akija atachota kwako.

Hiyo 50,000 ni ya WIKI, tafadhali usimeze kila siku. Kawaida inakwenda kama wiki 8 halafu unashushiwa dozi ndogo ya kila siku. Ikizidi sana kalsiamu inapanda kwenye damu, utaona kiu isiyoisha, kukojoa sana, choo kigumu, kichefuchefu. Mwambie daktari kama uliwahi kuwa na mawe ya figo, au unatumia dawa za TB au za kifafa, maana baadhi zinashusha vitamini D. Angalia pia multivitamini uliyo nayo isije ikawa unameza mara mbili. Foliki asidi ya mikrogramu 400 kila siku usiache, hiyo ndiyo kabla ya mimba ina ushahidi mzito. Mayai na mukene (dagaa) kula, ila chakula peke yake hakitakutoa kwenye 14. Maini punguza kwa sasa, vitamini A yake ni nyingi mno kwa mtu anayetafuta mimba.

Kuahirisha, muulize daktari, ila kwa miaka 37 mimi nisingepoteza miezi kusubiri namba moja. Mara nyingi vidonge vinaendelea huku maandalizi yanaendelea. Halafu mzee kapimwa mbegu? Hujasema.

BintiArua
Asanteni mno. Nimeitafuta karatasi, ni ng/ml, Alhamdulillah. Mzee anasema atapima akirudi kutoka Juba, safari hii simwachii. Na hiyo mukene, lazima niile na vichwa? Uchungu wake unanishinda.

Umm_Bombo
Vitoe dada, kuku watakushukuru 😂