Mgahawa wa Kichina na kokteli: nimwagizie nini shemeji asiyekunywa?

Mkazi wa Mwanga aliuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada kwa jambo ambalo huenda wengine mkaliona dogo. Mwezi uliopita mimi na wenzangu wawili wa kazini tuliingia katika mgahawa mmoja wa Kichina, na sote tulikuwa wageni wa chakula hicho. Kila mmoja akajiagizia sahani yake kama tunavyofanya kwa mama lishe. Zikaja sahani tatu, kila moja ya kushibisha watu watatu, na zote zilikuwa za kuku, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana mshamba kwa kuuliza. Sahani yangu ilikuwa na pilipili kavu nyingi kuliko kuku mwenyewe, pamoja na vijipunje vya kahawia ambavyo nilivitafuna nikidhani ni bizari. Haikupita dakika, midomo ikafa ganzi kama ya mtu aliyetoka kung'olewa jino, nami nikaamini kwamba nimelishwa sumu. Ili nijiponye nikaagiza Long Island Iced Tea, kwa kuwa niliona jina linaishia na chai, nikaimaliza kwa mikupuo mitatu. Safari ya kurudi nyumbani siikumbuki vizuri.

Sasa Jumamosi ijayo dada yangu mkubwa na shemeji wanakuja kutoka Ujiji, nami nilishaahidi kuwapeleka hapohapo. Wao ni Waislamu wanaoshika dini na hawanywi. Mimi nakunywa kidogo, na ningependa kuzijua kokteli bila kudhalilika tena. Niagizeje?

Mzee wa Kaunta alijibu:

Pole sana, kijana wangu. Nimesimama nyuma ya kaunta miaka mingi na nimewaona wengi wakiangushwa na jina hilo. Ndani ya kinywaji kile hamna hata jani moja la chai: kuna vodka, ramu, tekila, jini (la chupani, si lile la chini ya mbuyu) na pombe tamu ya machungwa, kisha maji ya limau, na kola kidogo inayokipa rangi ya chai. Ni pombe tano katika glasi moja, na utamu wake unauficha ukali mpaka utakaposimama.

Anza na mojito, kinywaji cha Cuba chenye ramu, ndimu, sukari, mnanaa na maji ya gesi. Au uliza kama wanatengeneza dawa, ile kokteli iliyopata umaarufu Nairobi, ambayo ni vodka, ndimu na asali inayokorogwa kwa kijiti. Usione haya kuuliza inawekwa toti ngapi na kuomba sukari ipunguzwe, kwani kokteli hutengenezwa glasi kwa glasi, tofauti na bia ambayo imeshafungwa kiwandani. Na ukiambiwa kwamba ramu imekwisha na mahali pake itawekwa Konyagi, kubali ukipenda, lakini bei nayo ishuke.

Kaa mahali unapoiona kaunta. Ndimu ikikatwa na kukamuliwa mbele yako, uko salama. Ukiona vipande vilivyokatwa tangu asubuhi, kingo zimekauka na kukunjamana, agiza bia ya chupa. Halafu, pombe kali juu ya pilipili huuchochea moto badala ya kuuzima. Wali mweupe au kinywaji cha maziwa vingekufaa zaidi siku ile.

Niliyesoma Guangzhou alijibu:

Kaka, hukulishwa sumu. Vijipunje vile ni pilipili ya Sichuan, ambayo si pilipili hasa, bali ni ganda la tunda la mti wa jamii moja na ndimu na machungwa, na kazi yake ni hiyohiyo ya kutia ganzi. Wachina wenyewe wana neno, mala, lenye maana ya ganzi na ukali kwa pamoja. Zile pilipili kavu nazo zimewekwa kwa ajili ya harufu. Wenyewe huzisukuma pembeni na kuokota nyama.

Kosa lenu kubwa lilikuwa kuagiza kila mtu na chake. Sahani za Kichina huwekwa katikati ya meza na watu wote hula humo, jambo ambalo kwetu tuliolelewa kwenye sinia si geni hata kidogo. Kwa watu watatu, sahani tatu za aina tofauti zinatosha, mfano samaki, mboga za majani na tofu, na kila mmoja apate bakuli lake la wali. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa. Haina ladha kubwa yenyewe, hubeba ya mchuzi. Kwa wazee ningechagua mapishi ya Guangzhou, ambayo si makali: samaki mzima aliyepikwa kwa mvuke, akawekewa tangawizi na vitunguu vya majani, kisha akamwagiwa mafuta ya moto na soya sosi. Kuhe wa ziwani kwetu akipikwa hivyo, utasahau kukaanga. Vijiti si lazima, omba kijiko; ila ukivitumia, usivisimamishe wima ndani ya wali, maana hufanana na ubani unaochomwa kwa ajili ya marehemu.

Bi Mkubwa wa Ujiji alijibu:

Wanangu, mmeeleza vizuri, lakini mmemsahau mgeni. Kuagiza samaki hakutoshi. Mboga inaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, tofu ikawekewa nyama yake ya kusaga, na samaki akalowekwa kwenye mvinyo wa mchele kabla ya kupikwa. Hata kama hayo yote yataondolewa, je, karai ni lipi? Tena wapo Waislamu wengi wasiokubali kuketi meza moja na pombe, wewe ukanywe mojito yako huku shemeji akitazama chini? Piga simu leo, uulize jikoni moja kwa moja kuhusu nyama, mafuta, mvinyo na karai. Wakikujibu kwa kusitasita, hilo ni jibu tayari.

Niliyesoma Guangzhou aliongeza:

Bi Mkubwa yuko sahihi, nami nilipitiwa. Kule China kuna migahawa ya Waislamu yenye alama ya qingzhen, yaani halali, mlangoni, na tambi zao za kuvutwa kwa mkono zenye supu ya ng'ombe ndizo zilizonilea nikiwa mwanafunzi. Mgahawa usio na alama hiyo, uliza.

Mkazi wa Mwanga alirudi:

Ahsanteni sana. Nimepiga simu, na mpishi amejibu kwa uungwana kabisa kwamba karai ni moja na nguruwe hupikwa humo kila siku. Nimemweleza dada, akacheka, akasema kwamba hata hivyo alikuwa anakuja na migebuka yake kwenye kapu. Jumamosi tutakula nyumbani. Mimi na wenzangu tutarudi mgahawani Ijumaa ya wiki itakayofuata, sahani tatu tofauti katikati, na nitakaa karibu na kaunta kuzitazama ndimu. Dada ana swali moja tu: tofu inauzwa mbichi? Anataka kuijaribu kwa mawese.